Maini ya Kila Asubuhi

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, maana wenzangu wengi waliomaliza la saba walikuja baadaye kunipakilia magunia. Nilianza na baiskeli ya kuazima, nikishusha viazi kutoka Njombe. Miaka ya ruksa ilipoingia na watu binafsi wakaachiwa kununua nafaka, sikungoja kuambiwa mara mbili. Haikupita miaka kumi nikawa na malori matatu, ghala kubwa Makambako karibu na njia panda ya Songea, na nyumba ya kwanza mtaani kwetu kuwekwa vioo vya rangi. Watu waliniita Tajiri hata siku nilizovaa kandambili. Nayaandika haya mwanzoni ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani siku ile nilipoambiwa kwamba ini la kaka yangu limeharibika na hakuna duka la kwenda.

Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, alinizidi miaka sita. Hakuwa mtu wa barabara. Aliishi Yakobi, pale mji wa Njombe unapoishia na mashamba kuanza, na mkewe na watoto wao wanne. Katika biashara yetu mimi nilinunua na kuuza, yeye alichambua. Alikuwa na bambo lake la chuma, kile kijiti chenye mfereji cha kuchomea gunia na kutoa punje za katikati, na nadhani alilala nalo. Akitoa punje anaiuma kwa meno ya pembeni. Ikilia, gunia linapita. Ikibonyea, anatikisa kichwa tu, wala hasemi neno, na mkulima anajua amekosa. Sijaona mtu aliyemshinda kwa kazi hiyo kuanzia Makambako mpaka Songea, na nimewaona wengi.

Sasa mahindi ya kwetu yanavunwa wakati wa baridi, ukungu umekaa shambani mpaka saa nne, na yanakauka kwa shida. Zamani za ushirika mkaguzi alikuwa anayakataa mabichi, mkulima anarudi nayo nyumbani kuyaanika tena. Ruksa ilipokuja hatukuwa na subira hiyo. Aliyefika kijijini kwanza ndiye aliyepata mzigo, kwa hiyo sote tulifika kabla ya mahindi kuwa tayari. Mimi nilikuwa wa kwanza kuliko wa kwanza. Tukayafunga mabichi, tukayafunika turubai, na tukija kuyafungua ghalani mengine yanatoa joto kama pumzi ya ng'ombe. Ndani punje zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani, nyingine za rangi ya majivu.

Hapo ndipo kaka na wale kina mama aliowasimamia walipofanya kazi. Mazuri yalirudi kwenye magunia yakaenda Dar. Mabovu kabisa walichukua wapika komoni, ile pombe ya kienyeji. Yale ya katikati, yaliyooza nusu, yalikwenda Yakobi nyumbani kwa kaka. Shemeji aliyaosha, akayaanika juu ya bati, akayakoboa, akayasaga. Ugali wake ulikuwa na uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi, na ukila na mboga ya majani huusikii.

Asije mtu akafikiri ilikuwa roho mbaya au uchoyo. Ndivyo tulivyolelewa. Kizuri kinauzwa, kilichobaki ndicho cha nyumbani. Mama yetu alifanya hivyo kwa mayai, kwa viazi, kwa maharage; sisi watoto tulikula viazi vilivyokatwa na jembe tukaona ndivyo viazi vilivyo. Kaka aliichukua desturi hiyo akaifanya kuwa sheria ya biashara, nami nilijivunia. Nikikaa na wafanyabiashara wenzangu nilikuwa nawaambia kwamba sisi tulijenga ghala kwa kula mabovu. Nilisema "sisi". Ukweli ni kwamba siku nyingi nilikuwa njiani, nikila wali na nyama kwa mama lishe wa stendi, na ugali ule nilionja mara moja moja nikipita Yakobi kusalimia.

Ugonjwa wake sikuuona mapema. Nilimwona siku moja amekaa juu ya magunia wakati watu wanapakia, na kaka yangu hakuwa mtu wa kukaa watu wakipakia. Nikamuuliza, akasema tumbo limejaa gesi. Wiki iliyofuata shemeji alinivuta pembeni akaniambia kwamba kaka amekonda mpaka amehamisha mkanda matundu matatu, lakini upande wa kulia chini ya mbavu umekuwa mgumu kama jiwe, na usiku halali kwa upande huo. Nikarudi nikamtazama kaka macho. Yalikuwa na rangi ya maji ya chai.

Nilimpeleka mwenyewe kwa pikapu hospitali ya misheni. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke, kijana, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya miaka michache nyuma, mtu wa kuongea polepole. Walimpiga ultrasaundi. Wakachukua kinyama kidogo kwa sindano ndefu, kikapelekwa Dar, tukangoja wiki tatu. Majibu yaliporudi daktari aliniita peke yangu. Kaka alikuwa amemwambia: mwambie mdogo wangu, yeye ndiye anayeshughulika.

Akasema ni saratani ya ini. Uvimbe mmoja mkubwa kama ngumi, na mingine midogo imeuzunguka, huwezi kukata ukaacha ini la kutosha kuishi. Nikamuuliza Dar. Akasema Dar watamwambia hivyo hivyo. Nikamuuliza India, kwa sababu miaka ile ukiwa na uwezo ulikuwa unataja India. Nikamwambia nina malori matatu barabarani na naweza kuuza moja kabla ya chakula cha mchana.

"Mzee," akasema, "ungeuza yote matatu jibu langu lingekuwa hili hili. Ni miezi. Sijui mingapi."

Nilitoka nikamwambia kaka kwamba ini limechoka, linahitaji matunzo. Hakuuliza zaidi. Sikuweza kulala wala kuendesha vizuri kwa siku kadhaa, si kwa huzuni, nadhani, bali kwa hasira ya mtu aliyezoea kwamba kila kitu kina njia. Lori likifa, fundi anakwambia ni pampu, ni gasketi, ni bomba la dizeli, unatafuta kipuri. Hata kama kipo Zambia kitakuja. Mimi niliwahi kusubiri giaboksi siku ishirini na moja pale Tunduma na nikaipata. Basi nikarudi kwa daktari peke yangu, nikamwambia sikuja kubishana, nimekuja kuuliza swali moja. Ndani ya ini la kaka yangu, ni kipuri gani hasa kilichokufa?

Nadhani alikuwa amechoka kuliko mimi. Benchi nje lilikuwa limejaa watu. Lakini alinitazama kidogo, akasimama, akanipeleka nyuma kwenye maabara, akamtuma mhudumu jikoni kuomba kipande cha maini ya ng'ombe. Kilipoletwa alikiweka kwenye sahani ya kioo, akachukua chupa ya ile dawa ya kuoshea vidonda, ile nyeupe kama maji, akaimimina juu yake.

Yale maini yakachemka. Sina neno lingine. Povu jeupe lilipanda kama maziwa yanayofurika sufuria, likajaa sahani, likamwagika mezani, na hapakuwa na moto.

Akanieleza, na nitaandika nilivyoelewa. Mwili unachoma chakula kama injini inavyochoma dizeli, na kama injini, unatoa moshi. Moshi mmojawapo wa mwili ni hii hii dawa iliyo kwenye chupa. Kila mtu anaitengeneza ndani yake, kidogo kidogo, siku zote, na ikikaa inaunguza. Ini ndilo lenye wafanyakazi wengi wa kuisafisha. Wanaichana inakuwa maji na hewa; hewa hiyo ndiyo lile povu. Kiswahili chao ni vimeng'enya, na kila kundi lina jina lake la Kizungu, alinitajia moja likanipita. Katika ini lenye saratani, akasema, mara nyingi wafanyakazi hawa wamepungua au wamelegea. Moshi unabaki ndani, unaunguza, na sehemu iliyoungua inasahau kazi yake na kuanza kuota ovyo.

"Kwa hiyo ungemwagia ini la kaka?"

"Ule uvimbe ungetoa povu kidogo. Pengine kidogo sana."

"Na hawa wafanyakazi wanauzwa wapi?"

Alicheka, si kwa dharau. Akasema hawauzwi, kila ini linatengeneza wa kwake. Kisha akachukua kalamu akaniuliza kaka yangu anakula nini nyumbani. Nikamwambia, na nikamwambia kwa majivuno kama nilivyozoea, kwamba sisi tumejenga kwa kula mabovu. Akaweka kalamu chini. Akataka nieleze huo ubovu: rangi gani, unanukaje, ni miaka mingapi. Nikaeleza. Akasema ule ukungu una sumu, na kuosha hakuitoi, wala jua, wala moto wa kupikia. Ini linapambana nayo, linawachosha wale wafanyakazi mwaka baada ya mwaka. Nikamuuliza kama ndiyo iliyomfanya hivi.

"Siwezi kukuapia. Kuna virusi vya ini navyo vinafanya hivyo hivyo, na vingi viko huku. Lakini watoto wake wanakula nini leo?"

Niliendesha mpaka Yakobi bila kusimama. Stoo ya kaka ilikuwa na magunia matano. Niliyabeba mwenyewe, moja moja, mgongoni, mimi ambaye sikuwa nimebeba gunia kwa miaka minane, nikayamwaga kwenye shimo la choo cha zamani nikafukia na udongo. Shemeji alisimama mlangoni ameshika ungo.

"Shemeji, hata kuku?"

"Hata kuku."

"Kwa hiyo tumekuwa matajiri sasa," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake nililetea nyumba ile mahindi ya daraja la kwanza, yale ya kwenda Dar. Shemeji akapika uji akampelekea kaka uani, alikokuwa amekaa juani na blanketi. Akanywa kijiko kimoja, akanywa cha pili. Akaniuliza kama shemeji ametia sukari. Nikamwambia hapana.

"Kumbe ndiyo yalivyo," akasema. "Miaka yote hii nayauma tu na kutema."

Nilikwenda nikakagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana hili ni langu peke yangu na wala sikulirithi kwa mama. Nilikuwa narudi Makambako, na kila nikifumba jicho naona lile povu. Yule daktari alisema wafanyakazi hawauzwi. Lakini mimi niliwaona. Walikuwa kwenye kipande cha maini kutoka jikoni, na maini hayo yalitoka buchani, na buchani watu wanauziwa. Nilikwenda moja kwa moja. Mwenye bucha alikuwa Mwislamu mmoja mzaliwa wa Singida, rafiki yangu wa utani tangu siku nilipoanza kununua nyama kwa kilo badala ya fungu. Nikamwambia kuanzia kesho maini yote ya kwanza ya asubuhi ni yangu. Kisha nikaenda kwenye duka la dawa, maana siku zile yalikuwa yanafunguliwa kila kona, nikanunua chupa sita za dawa ya kuoshea vidonda.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Sikubali mzigo bila kuupima. Kila asubuhi nilisimama nyuma ya bucha na kisahani, nikakata kipande kidogo kwenye kila ini, nikamimina dawa, nikatazama povu. Lililopanda juu zaidi ndilo nililochukua. Lililolegea nililikataa kwa kutikisa kichwa, sawasawa na kaka na bambo lake. Nilijiona mtu mwenye akili nyingi. Nilisema moyoni, huyu daktari amesoma mpaka Ulaya na hakufikiri jambo dogo kama hili.

"Tajiri," mwenye bucha aliniambia siku ya tatu, "nyama yangu imechinjwa kihalali, wewe unaiagua."

"Siiagui. Naipima."

"Wallahi mimi nimeuza nyama miaka kumi na minane. Mteja ananusa, mteja anabonyeza, kuna mama mmoja hapa anailamba kabisa. Lakini mteja wa kuiogesha ni wewe." Akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Msiogope, hili povu ni lake, la kwenu ni bila sabuni."

Walicheka. Lakini mji wa njia panda hausahau kitu. Baada ya wiki moja maneno yalikuwa yameenea kwamba malori yangu yanaendeshwa na maini, kwamba kuna mganga wa Sumbawanga ameniagiza, na kwamba siku povu likikataa kupanda mtu wa kwetu atakufa. Utingo wangu mmoja aliacha kazi. Sikujali. Miye tangu nianze kufanikiwa nimesemwa mengi kuliko hayo.

Saa mbili asubuhi maini yalikuwa Yakobi, ndani ya pikapu, kwenye ndoo yenye kifuniko. Nilimwambia shemeji asiyakaushe sana, nisije nikawaua wafanyakazi kwa moto. Aliyageuza tu mafutani, damu bado ipo. Kaka aliletewa sahani asubuhi na jioni, nami nilikaa mbele yake mpaka imalizike. Mtu ambaye hamu yake ya chakula ilikwisha miezi miwili nyuma, alitafuna. Alikuwa anatafuna huku anatazama mlima, kama mtu anayesubiri basi.

"Mdogo wangu," aliniambia mara moja, "ukiendelea hivi nitakwenda kulala zizini."

Nikamwambia ale. Nikamweleza habari ya moshi na wafanyakazi, yote, nikaongeza na yangu. Akasikiliza kwa makini. Akasema mimi ningekuwa daktari mkubwa kama baba asingenitoa shule nikachunge. Hilo lilinipa nguvu wiki nzima.

Na mwanzoni niliona mabadiliko. Siku mbili alitembea mpaka kwenye mianzi na kurudi. Niliwaambia watu Makambako kwamba daktari alisema miezi, lakini mimi nimempita. Nilisema hivyo mbele ya watu wengi, kwa sauti. Nataka liandikwe kwamba nilisema.

Siku ya kumi na sita, mimi nikiwa nimekwama Makambako kwa shughuli za lori tangu jana yake mchana, shemeji alimtuma jirani na basi la asubuhi kuniita. Nilipofika kaka alikuwa amekaa kitandani anavaa shati kichwa chini, miguu yake ameiingiza kwenye mikono ya shati. Akaniita baba. Akaniuliza mkaguzi wa ushirika ameshafika, kwa sababu mahindi hayajakauka na yeye hataki kupigiwa kelele. Alikuwa na harufu mdomoni, tamu na mbaya, na nilipomshika viganja vilikuwa vinapigapiga kama bawa la kuku. Shemeji alisema tangu jana mchana amekuwa hivyo, anamwaga chai sakafuni na kusema anamwagilia bustani.

Hospitali ile ile, daktari yule yule. Alimchunguza, akamwekea dripu, akaagiza dawa ya maji tamu ya kumharisha. Kisha akatoka nje ya wodi akaniuliza amekula nini. Nikamwambia maini. Kiasi gani? Nikamwambia nusu kilo asubuhi, nusu kilo jioni, ya daraja la kwanza, na nikamweleza jinsi nilivyokuwa nayapima kwa povu. Sikuficha kitu. Nadhani sehemu yangu moja bado ilikuwa inangoja anisifu.

Alifumba macho kidogo.

"Mzee, tumbo halijui kwamba hao ni wafanyakazi. Linawasaga kama linavyosaga nyama nyingine yoyote. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye ini lake."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na nyama ikimeng'enywa inaacha taka zake, na ini ndilo linalozisafisha. La kwake haliwezi tena. Taka zimepanda kichwani. Ndiyo maana anakuita baba."

Nikasimama pale koridoni na kofia yangu mkononi. Nilimuuliza kama ni mimi niliyefanya. Hakunituliza, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alisema tu, "Ungeniuliza." Akaingia wodini.

Siku nne nilikaa kwenye benchi la nje. Watu wa Njombe wakaja kuwaona wagonjwa wao, wakanipa kamwene, salamu ya kwetu, kwa sauti ya chini, nikaitika. Hakuna aliyejua mimi ni nani, au walijua na haikuwa na kazi. Dereva wangu mmoja alikuja kuniuliza habari za mzigo wa Lupembe, kuna mtu anataka lori la kubeba majani ya chai msimu mzima. Nikamwambia aende kokote. Akauliza kokote wapi. Nikamwambia sijui.

Siku ya tano asubuhi kaka aliamka na akili yake. Nilijua kabla hajasema kitu, kwa sababu alishika ukingo wa shuka akausugua kati ya vidole viwili, kama anavyofanya kupima kitambaa cha gunia. Alimwomba shemeji aende akanywe chai. Shemeji akatutazama wote wawili, akaenda.

"Daktari alikwambia nini?" akaniuliza. "Ile siku ya kwanza."

Nikaanza kueleza habari za ini kuchoka. Akainua mkono.

"Wewe bwana, mimi nimekulea mgongoni. Unapodanganya unaongea haraka. Nitapona?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimesikia kuna mtawa mmoja mwenye dawa ya mizizi, nilikuwa na namba ya simu ya mtu wa Nairobi, nilikuwa na lori lenye mteja. Maisha yangu yote sikuwahi kumwambia mtu kwamba kitu hakipo. Mteja akitaka magunia mia mbili na mimi nina arobaini, nasema njoo Ijumaa.

"Hapana," nikasema. "Hutapona, kaka."

Akatikisa kichwa polepole, kwa namna ile ya kukubali. Akavuta pumzi mpaka ile sehemu ngumu ya ubavu ikamzuia.

"Nilijua tangu Dar walipoleta majibu, kwa sababu ulikuja kuniambia huku unatabasamu. Yale maini nilikuwa nakula kwa ajili yako. Ulikuwa unaamka alfajiri."

Nikamwambia kwamba yale maini ndiyo yaliyomharibu kichwa, na ugali wa mabovu ndio pengine ulioharibu ini, na kwamba kote kote mkono wangu upo, maana mimi ndiye niliyekuwa nakimbilia mahindi mabichi. Nilisema bila kupanga. Kaka alinisikiliza kama alivyosikiliza habari za wafanyakazi. Akasema mahindi hayo yeye ndiye aliyekuwa anayauma na kuyajua, na yeye ndiye aliyeyapeleka nyumbani kwake. "Usichukue yote," akasema. "Wewe kila kitu unataka kiwe chako."

Kisha akasema anataka kurudi Yakobi, na kwamba nisimletee kitu.

"Kitu chochote?"

"Chochote. Njoo ukae tu."

Tukamrudisha. Kesho yake nilipoingia chumbani nilikuwa sina ndoo, sina mfuko, sina hata gazeti, na sikujua nikae vipi. Nilikaa kwenye kigoda upande wa miguuni. Miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Akasema inamwasha na ni mizito. Nikaichukua nikaiweka mapajani, nikaanza kuikanda, kutoka vidoleni kupanda juu, taratibu, kama nilivyoona wauguzi wakifanya. Hakusema asante. Alilala.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Nilifika Yakobi asubuhi, nikakaa kigodani, nikakanda. Malori yalisimama Makambako yote matatu, madereva wakasema mzee amepata wazimu wa huzuni, mshindani wangu akachukua vijiji vyangu vya Wanging'ombe, na niliposikia nilingoja hasira ije, haikuja. Kaka akiamka tuliongea kidogo. Mara aliniuliza kama nakumbuka njia ya zamani ya kwenda mtoni. Mara aliuliza mvua. Alikunywa uji wa vijiko viwili vitatu, akasema inatosha. Watoto walipita mlangoni kwenda shule, walipita mlangoni kurudi. Nilichoka uchovu ambao siujui, nimebeba mizigo tangu utotoni na hata siku moja sikuwahi kuchoka hivyo, na nilikuwa nimekaa tu.

Siku ya tisa, saa nne hivi asubuhi, shemeji alikuwa nje anaanua nguo. Jua lilikuwa limefika miguuni pa kitanda. Nilikuwa nakanda mguu wa kushoto, nawaza kwamba leo una baridi kuliko jana, nikausogeza juani, nikaendelea. Ni shemeji aliyeingia na nguo begani, akasimama, akamtazama usoni, akaniambia niache. Sikumsikia vizuri. Aliniambia mara ya pili, akaja akaushika mkono wangu.

Nikamwambia bado kidogo, huu mmoja sijaumaliza.